Umeme Ukirudi kwa Kishindo: Ruta Ikinyamaza, Tuanzie Wapi?

Ilikuwa jioni ya mvua za masika, adhana ya Magharibi imekwisha, umeme ulipokatika mtaani kwetu. Tuliswali kwa mwanga wa tochi. Baada ya nusu saa umeme ulirudi kwa kishindo: taa ziling'aa kupita kawaida, feni ikavuma, na pembeni mwa sebule tukasikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika. Taa zilipotulia, ruta yetu ilikuwa giza tupu.

Wapenzi wasomaji, kwa nyumba nyingine hilo lingengoja. Kwetu halikuwa la kungoja. Dada yetu aliyeko Maskati alikuwa mjamzito wa mwezi wa tisa, na kila usiku baada ya Isha mama alikuwa akionana naye kwenye simu. Bando tulilonunua usiku ule liliisha upesi, na picha ilikwama kila mara. "Wanangu," mama alitwambia, "nitafutieni njia ya kumwona mwenzenu."

Asubuhi jirani alituazima adapta yake inayofanana na yetu. Taa za ruta ziliwaka, jina la waifai likaonekana, ila intaneti haikuwa imerudi. Badala ya kusubiri, tulichukua pini tukabonyeza kile kitundu cha nyuma kinachoirudisha ruta katika hali ya kiwandani. Kumbe tulifuta jina la akaunti na neno la siri ambavyo kampuni iliweka ilipotuunganishia huduma. Tukamngoja fundi wao siku mbili. Katika siku hizo mbili dada alijifungua. Mama alisikia sauti ya mjukuu wake kwenye simu; uso wake hakuuona hadi siku ya tatu.

Umeme ulituharibia adapta tu. Yaliyobaki yaliharibiwa na haraka yetu wenyewe. Ndiyo sababu tunaandika hapa utaratibu ambao tungelipaswa kuufuata.

Kwanza, usalama

Chomoeni ruta ukutani kabla ya kuigusa. Ikiwa pana harufu ya kuungua, au plagi imeyeyuka, msiichomeke tena. Wala msifungue adapta kwa bisibisi, kwani vipande vya ndani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Watoto wakae mbali.

Pili, soketi na adapta

Jaribuni soketi kwa kifaa kingine kisicho cha thamani, kama taa ya mezani. Ikiwa soketi ni nzima, ielekeeni adapta. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 240, na ruta nyingi hutumia volti 12 tu. Adapta ndiyo inayoupunguza, kwa hiyo umeme unapopanda ghafla yeye ndiye anayepokea pigo la mwanzo. Mara nyingi hufa yeye, na ruta ikasalimika. Fundi mwenye mita ataweza kuipima kwa dakika moja.

Mkinunua nyingine, someni maandishi ya ile ya zamani. Volti ziwe sawasawa kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Ncha yake iingie barabara, na ule mchoro mdogo unaoonyesha chanya na hasi ufanane. Adapta ya kompyuta ya volti 19 huweza kuimaliza ruta iliyonusurika.

Tatu, someni taa zake

Taa zikiwaka, ipeni ruta muda, maana huenda mitambo ya mtaani nayo imezimika. Kwa wenye huduma ya faiba, taa nyekundu penye herufi LOS humaanisha kuwa mwanga haufiki kwenye kisanduku; hilo ni jambo la kampuni, si la adapta. Kama mna visanduku viwili, kila kimoja kina adapta yake. Kagueni zote mbili.

Ikiwa simu hazioni jina la waifai, tazameni kwanza kama kitufe cha waifai hakikuzimwa. Kisha unganisheni kompyuta kwa waya. Ikipata intaneti, basi huenda sehemu ya kurusha mawimbi ndiyo iliyoungua. Tundu moja la waya likikataa, jaribuni jingine, kwani huweza kufa moja na mengine yakabaki.

Kile kitundu cha pini kiwe cha mwisho kabisa, na baada ya kuzungumza na kampuni.

Nne, kumbukeni amana

Kampuni nyingi huacha ruta majumbani ikiwa bado ni mali yao. Hiyo ni amana. Wapigieni kabla ya kuifungua au kuipeleka kwa fundi wa mtaani, na mkiulizwa lililotokea, semeni kweli. Sisi tulikiri kuwa tuliibonyeza, na fundi alijua papo hapo pa kuanzia.

Kinga ya kesho

Umeme ukikatika, chomoeni ruta, televisheni na friji. Ukirudi, subirini dakika tano hivi mpaka utulie. Ekstenshen ya kawaida haizuii umeme uliopanda. Tafuteni kifaa cha kinga kinachokata umeme na kuchelewa kuurudisha. Nyumba zetu nyingi ni kongwe, na baadhi hazina waya wa ardhini ulio mzima. Fundi wa umeme aliyesajiliwa aukague, kwani vifaa vingi vya kinga huutegemea. Kabla radi haijaanza, chomoeni pia nyaya za shaba za simu na za mtandao zinazotoka nje, kwa kuwa nazo hupitisha umeme.

Mwisho, iombeni kampuni maelezo ya akaunti yenu, muyaandike kwenye karatasi na kuyahifadhi pamoja na hati za nyumba. Karatasi hiyo ingelitosha kumwonyesha mama yetu mjukuu wake siku ile ile aliyozaliwa.

Sasa iko, ndani ya bahasha, kabatini mwa mama. Na umeme ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kuinuka kuchomoa plagi.