Goti Linalosubiri Upasuaji Lisilazwe

Mgonjwa akishaambiwa kwamba goti lake limesagika kiasi cha kuhitaji goti bandia, mara nyingi hutoka kliniki na mambo mawili tu: vidonge vya maumivu, na ahadi kwamba ataitwa zamu yake ikifika. Katika nchi zetu zamu hiyo inaweza kuchelewa sana. Goti bandia huagizwa kutoka nje, mabingwa wa kuliweka wako katika hospitali chache za miji mikubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, na familia nyingi huhitaji muda wa kuchangishana fedha au kufuatilia bima. Muda wote huo mgonjwa hukaa. Watoto humkataza kwenda sokoni, jirani humshauri alipumzishe goti lisizidi kuharibika, naye mwenyewe huona kila hatua ni hasara. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini ushahidi wa sayansi unasema kinyume chake. Kwa goti linalosubiri upasuaji, kulazwa ndiko kunakoliumiza zaidi, na miezi ya kusubiri ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa nini? Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri gegedu linavyobanwa na kuachiwa mtu anapotembea, mfano wa sponji inayokamuliwa ndani ya maji. Goti lisilotembezwa linanyimwa lishe hiyo. Wapo wanaoamini kwamba ute umekauka na kwamba maji ya bamia au supu ya kongoro yataurudisha. Bamia ni mboga nzuri, aile anayeipenda, ila utelezi wake huishia tumboni na kusagwa kama chakula kingine chochote. Isitoshe, goti lenye ugonjwa huu mara nyingi halina upungufu wa majimaji. Huvimba kwa sababu yamezidi. Kinachopungua kwa kasi, na ambacho mgonjwa anaweza kukirudisha, ni misuli. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea uzito wa mwili kila mguu unapotua. Ikilegea, mshindo wote huenda kwenye mfupa, maumivu huzidi, mgonjwa hukaa zaidi, na misuli huzidi kulegea. Gegedu lililokwisha haliwezi kuoteshwa tena kwa mazoezi. Misuli inaweza kujengwa hata katika umri wa miaka 80.

Hapa msomaji makini atauliza: kama kiungo kimesagika, si kukitumia ni kuendelea kukisaga? Swali hili lina mantiki, na kwa muda mrefu hata vitabu vya tiba viliueleza ugonjwa huu kama uchakavu wa kawaida wa uzee. Lakini maelezo hayo yameshindwa kujibu mambo kadhaa. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuchunguza mifupa ya zaidi ya watu 2,500 waliokufa Marekani katika vipindi mbalimbali, na wakakuta kwamba ugonjwa wa kusagika kwa magoti umeongezeka maradufu tangu katikati ya karne ya 20, hata baada ya kuzingatia umri na unene. Kama kutembea ndiko kunakoyamaliza magoti, watu wa zamani waliotembea kutwa wangekuwa na hali mbaya kuliko wa leo wanaokaa kwenye magari na ofisini. Tena ukubwa wa uharibifu unaoonekana kwenye picha ya eksirei haulingani vizuri na ukubwa wa maumivu: wapo wenye picha ya kutisha wanaotembea, na wapo wenye picha ya afadhali wasiolala usiku. Maumivu hutokana pia na uvimbe wa ngozi laini ya ndani ya kiungo, udhaifu wa misuli, kukosa usingizi, msongo wa mawazo, na mishipa ya fahamu ambayo imezoea kupiga kelele. Mambo hayo yote yanaweza kufanyiwa kazi kabla ya upasuaji.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ulitoka Denmark mwaka 2015. Wagonjwa 100 ambao madaktari walikwisha kukubali kwamba wanastahili goti bandia waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walifanyiwa upasuaji kisha wakapewa wiki 12 za mazoezi ya kusimamiwa, mafunzo, ushauri wa lishe, soli maalumu za viatu na dawa. Nusu nyingine walipewa huduma hizo bila upasuaji. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha alama 100, waliopasuliwa walikuwa wamepanda alama 32 na ushei, na wasiopasuliwa alama 16. Asitokee mtu wa kuyatumia matokeo haya kudai kwamba upasuaji hauna maana: ulishinda waziwazi. Lakini hao wengine, ambao tungewaambia wakae wasubiri, walipata nusu ya nafuu hiyo, wengi wao bila kisu, na ni 13 tu kati ya 50 waliokwenda kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Kwa mtu ambaye zamu yake iko mbali, nusu ya nafuu ni tofauti kati ya kwenda msalani mwenyewe na kusubiri kushikwa mkono.

Atakayepinga zaidi ni mgonjwa mwenyewe, atakayesema: nyinyi hamjui linavyouma. Ni kweli kwamba kuanza kunauma, na mtaalamu wa fiziotherapia anayedai vinginevyo atapoteza imani ya mgonjwa siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni kuyapima maumivu. Yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kutulia baadaye, hakuna kilichovunjika. Goti likivimba au likiuma zaidi kesho yake kuliko kawaida, zoezi lilikuwa kubwa, lipunguzwe, lisiachwe. Mengi hayahitaji mashine. Kuinuka kwenye kiti kigumu na kuketi tena polepole bila kujivuta kwa mikono, kulala chali na kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, kukaza paja huku nyuma ya goti ikigandamizwa kitandani: mambo haya yanafanyika katika chumba chochote. Na kuna kosa moja linalofanywa karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa goti, la kuweka mto chini ya goti usiku. Linatuliza kwa saa chache, lakini goti huzoea kukaa limepinda na baada ya miezi hukataa kunyooka. Hasara yake huonekana baada ya upasuaji, kwa sababu uwezo wa goti kunyooka na kukunjika kabla ya kupasuliwa ndio unaoashiria zaidi uwezo utakaopatikana baadaye. Mkongojo nao una kanuni yake. Ushikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, uende mbele pamoja na mguu mgonjwa, na mpini wake ufike usawa wa kifundo cha mkono. Wengi huushika upande wenye maumivu, na hivyo uzito hurudi kulekule.

Wapo watakaosema kwamba mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri, au mama anayefua na kupika kutwa, hahitaji mazoezi ya ziada. Kazi na zoezi ni vitu viwili. Zoezi huchaguliwa, hupimwa na huongezwa kidogo kidogo. Kazi haimngoji mtu, na kazi zetu nyingi hulikunja goti hadi mwisho wake kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa Beijing, China, ulionyesha kwamba wanawake wazee wa huko walikuwa na ugonjwa wa magoti zaidi kuliko wanawake wa Kizungu wa mji wa Framingham, Marekani, na uchunguzi uliofuata ukahusisha ugonjwa huo na kuchuchumaa kwa saa nyingi ujanani. Kwa hiyo anayesubiri upasuaji atembee, lakini aache mbuzi ya kukunia nazi, aketi kwenye kiti. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya meza imara au matofali. Beseni la nguo liwekwe juu ya benchi. Anayeswali anaruhusiwa kuswali akiwa ameketi kitini, na swala yake haipungui kitu. Choo cha kuchuchumaa ndicho kigumu zaidi, na hakiwezi kusubiri hadi baada ya upasuaji: goti bandia kwa kawaida hukunjika hadi nyuzi 110 au 120, ilhali kuchuchumaa kabisa kunahitaji zaidi ya 130. Familia inayochangisha mamilioni ya upasuaji na kusahau kiti cha choo imehesabu vibaya.

Dawa zina nafasi yake, ila si ile zinayopewa dukani. Jeli ya diclofenac ya kupaka inasaidia goti na haifikii figo kama kidonge kinavyofikia. Vidonge vya diclofenac au ibuprofen hupunguza maumivu kweli, lakini vikimezwa kila siku kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na huumiza figo. Hatari hukua kwa mzee anayemeza pia dawa fulani za presha pamoja na zile za kukojosha, na hao ndio hasa wenye magoti mabovu. Anayezihitaji apewe na daktari anayejua dawa zake nyingine zote. Kuhusu zile chupa za "asili" zinazoondoa maumivu kwa siku mbili, tujiulize zinafanyaje. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya maabara kukuta ndani yake diclofenac na dexamethasone ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Sindano ya steroidi gotini hutuliza kwa wiki kadhaa. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulikuta kwamba wagonjwa waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakutofautiana. Tena ikichomwa ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya goti bandia kuingiwa na wadudu. Ambaye tarehe yake imekaribia aikatae.

Uzito nitaupitia kwa haraka, maana wagonjwa wameusikia hadi wamechoka. Kila kilo moja anayopungua mtu mnene huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hiyo inatosha. Mwenye kisukari ashushe sukari yake mapema, na mvutaji aache sigara angalau wiki nne kabla, kwa kuwa mambo haya mawili huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha maambukizi, na yanaweza kumfanya daktari aahirishe upasuaji uliosubiriwa miaka.

Limebaki pingamizi la wataalamu wenyewe. Tafiti za mazoezi kabla ya kubadilishwa goti zimeonyesha kwamba faida yake baada ya upasuaji ni ya wastani, na kwamba miezi kadhaa baadaye waliofanya na wasiofanya hukaribiana. Nakubali. Lakini pingamizi hilo hupima kilichotokea baada ya kisu tu, kana kwamba mwaka wa kusubiri si sehemu ya maisha ya mtu. Kwetu, ambako tarehe inaweza kusogezwa kwa kukosekana kwa kifaa au fedha, mwaka huo ndio wenye uzito. Na wapo ambao zamu haitafika kamwe. Hao, mazoezi, mkongojo na kiti cha choo ndiyo tiba yao yote. Kwa sababu hiyo kliniki inayoandika jina la mgonjwa kwenye orodha ya upasuaji impe siku hiyohiyo na miadi ya fiziotherapia, na mgonjwa asiyepewa aiombe kabla hajatoka mlangoni.