Mhudumu wa afya amefunzwa, nani atambakiza kitongojini?

Tukuyu. Mama akijifungua salama zahanati au hospitalini, baada ya siku moja hivi hupewa maelekezo, hukabidhiwa kadi ya kliniki ya mtoto na kurudi nyumbani. Wiki inayofuata ni miongoni mwa wiki za hatari zaidi katika maisha ya binadamu, na katika wiki hiyo hakuna muuguzi ndani ya nyumba. Yupo bibi, yupo shangazi, yupo jirani mwenye watoto wanne. Na kitongoji kikiwa na bahati, yupo pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayebisha hodi kuuliza mtoto amenyonya mara ngapi tangu asubuhi.

Kwa wazazi wa Rungwe, mhudumu huyo si mgeni. Ndiye aliyehamasisha chanjo, aliyepima mzingo wa mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi, aliyewakumbusha wajawazito kliniki. Swali ambalo miaka mingi halijapata jibu la kudumu ni hili: akishafunzwa, nani anamlipa ili abaki?

Namba zinazogoma kushuka

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulileta habari njema. Vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango cha utafiti wa 2015/16, hadi 104. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000.

Lakini kuna mstari mmoja ambao haukusogea. Vifo vya watoto wachanga, yaani ndani ya siku 28 za kwanza, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, vikawa 24. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano hufariki katika mwezi wa kwanza.

Sehemu ya vifo hivyo hutokea wodini, na dawa yake ni wakunga wa kutosha, vifaa na oksijeni. Sehemu nyingine huanzia nyumbani: mtoto anapoacha kunyonya usiku na familia ikasema tusubiri kukuche, au kitovu kinapopakwa kitu kisichofaa kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya saa 24 za kwanza, mama na mtoto waonwe tena angalau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya saba na ya 14, na wiki ya sita. Wiki ya sita ina kliniki, na wazazi wengi huikumbuka kwa sababu ya chanjo. Siku ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mama bado ana maumivu, mvua inanyesha, na mtoto anaonekana mzima.

Hapa jiografia ya Rungwe inaingia. Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara kuu ya kutoka Uyole kwenda Kyela inapita vizuri Kiwira na Tukuyu, lakini mama anayeishi mbali nayo, kwenye miteremko ya migomba na chai, anategemea njia ya udongo ambayo masika huifanya iteleze hata kwa bodaboda. Juu kwenye baridi, kama Isongole, mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa akiwa amezaliwa na uzito mdogo. Familia huwasha jiko la mkaa na kufunga madirisha, bila kujua kwamba hewa ya mkaa inaweza kuua walio ndani.

Mhudumu aliyefunzwa anaweza kubadili hayo yote kwa ziara moja ya nusu saa. Anamwonyesha mama jinsi ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, analitoa jiko nje, anaangalia kitovu, anahesabu pumzi. Akiona dalili ya hatari, anaandika rufaa na kumwita mwenye pikipiki.

Kazi ambayo Rungwe inaijua

Wanaodhani kazi hii ni ngeni wangeuliza habari za usubi. Ugonjwa huo, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, huwasha ngozi na mwishowe unaweza kupofusha. Mito ya Rungwe na ya wilaya jirani za Kyela na Ileje iliufanya ukanda huu uwe miongoni mwa maeneo ya usubi yanayojulikana Tanzania.

Dawa yake, ivermectin, imekuwa ikitolewa bure na kampuni iliyoitengeneza tangu 1987. Lakini dawa ya bure haitembei yenyewe. Utaratibu uliotumika ni wa wanajamii kuchagua wagawa dawa miongoni mwao, wakafunzwa kupima urefu wa mtu kwa kijiti chenye alama ili kujua idadi ya vidonge, kisha wakapita nyumba kwa nyumba na daftari.

Somo lake lina pande mbili. Upande mmoja, mwanakijiji wa kawaida akichaguliwa na wenzake na kufunzwa vizuri, anafanya kazi ya afya ambayo hospitali haiwezi kuifanya. Upande wa pili, kugawa dawa ni kazi ya siku chache kwa mwaka. Mtu anaweza kujitolea siku hizo na bado akapalilia viazi vyake. Kutembelea wajawazito na vichanga ni kazi ya kila wiki. Huwezi kumwomba mama mwenye watoto wake aache kuchuma chai wiki baada ya wiki kwa ahsante na fulana.

Wamefunzwa, wakaondoka

Tanzania ilikuwa na wahudumu wa afya vijijini hata kabla Azimio la Alma-Ata la 1978 halijaifanya huduma ya afya ya msingi kuwa ajenda ya dunia. Walitegemea zaidi serikali za vijiji, na uchumi ulipobana miaka ya 1980, wengi waliacha.

Yakafuata mashirika yasiyo ya kiserikali. Kila mradi ulikuja na watu wake wa kujitolea: huyu wa ukimwi, yule wa lishe, mwingine wa malaria. Mafunzo yalikuwa ya siku chache, posho ilitegemea mfadhili, na mradi ulipofungwa daftari lilifungwa nao. Kazi iliyofanyika haikuwa ndogo, hasa katika mkoa kama Mbeya, ambako utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 9.6 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, dhidi ya asilimia 4.4 kitaifa. Kumfuatilia mama anayetumia dawa ili mtoto asipate maambukizi ni kazi ya kubisha hodi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilionekana wazi jinsi kazi hiyo ilivyosimama juu ya mguu mmoja.

Mwaka 2015 serikali ilijaribu njia nyingine, mafunzo ya cheti ya mwaka mmoja kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Vijana walisoma, familia zikalipa ada, lakini ajira hazikufuata kwa wengi wao. Walikuwa na cheti, ila hawakuwa na kituo cha kazi.

Jaribio la sasa ndilo kubwa kuliko yote. Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk Philip Mpango, alizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, kwa gharama inayokaribia Sh900 bilioni. Namba hiyo haikuokotwa. Wakati huo nchi ilihesabiwa kuwa na vitongoji 64,384 na mitaa 4,263, na kila kimoja kilipaswa kuwa na wahudumu wawili, mwanamume na mwanamke. Badala ya kila mradi kuwa na mtu wake, mhudumu mmoja anafunzwa mambo yote ya msingi: uzazi, watoto, lishe, chanjo, magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza.

Mpango si sheria

Hapa ndipo mzazi anapaswa kusikiliza kwa makini. Mpango una mwanzo na mwisho. Kinachoamua kama mhudumu atakuwepo mwaka wa sita ni bajeti, na bajeti hupitishwa na Bunge kila mwaka kabla ya Julai Mosi.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo lengo lake ni kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Ni hatua kubwa. Lakini kadi ya bima inamsaidia mtoto aliyefikishwa kituoni. Haimwambii bibi kwamba mtoto asiyelia na asiyenyonya anapaswa kuondoka usiku huo huo. Kwa hiyo kuwekeza katika bima bila kuwekeza kwa anayebisha hodi ni kujenga nyumba nzuri bila kuchonga njia ya kuifikia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, lilisema wazi kwamba wahudumu hawa wanapaswa kulipwa kulingana na uzito wa kazi, muda wanaotumia na mafunzo waliyopata, na wawe na makubaliano ya maandishi yanayoeleza wajibu na haki zao.

Na nchi imewahi kuonyesha kwamba fedha za ndani zinaweza kufungwa kwenye ahadi. Chini ya mkataba wa lishe, halmashauri zinatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Si nyingi, lakini zina jina, na diwani anaweza kuulizwa zimekwenda wapi. Sababu ya kuuliza ipo: mkoani Mbeya, penye ndizi, maziwa, viazi na maparachichi, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 31.5 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Chakula kipo. Anayekosekana ni mtu wa kukaa jikoni na mama na kumwonyesha uji wa mtoto wa miezi saba unavyoongezewa karanga, maziwa au parachichi.

Mzazi una nafasi gani?

Nafasi ya kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo inafaa kuuliza: wahudumu wetu wawili wa kitongoji ni akina nani? Walichaguliwaje? Wamekwisha kufunzwa? Wanaripoti kwa mganga mfawidhi wa zahanati ipi?

Nafasi ya pili ni kabla ya bajeti. Mipango ya halmashauri huanzia kijijini na hujadiliwa na madiwani miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya mkutano wa Bunge la Bajeti kuanza Aprili. Ombi la posho au makoti ya mvua ya wahudumu likifika kwa diwani Juni, limechelewa.

Nafasi ya tatu ni kwa mashirika yanayofanya kazi kijijini. Sheria inayataka yasajiliwe na yatoe taarifa za kazi na fedha zao, na ngazi ya halmashauri ofisa maendeleo ya jamii ndiye mlango wa kuanzia. Si dhambi kuuliza shirika litaondoka lini, na watu liliowafunza litamkabidhi nani.

Usisubiri kukuche

Wakati hayo yakiendelea, familia yenye kichanga ikariri dalili hizi. Mpeleke mtoto kituoni mara moja, hata usiku, ikiwa:

- Ameacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu mno.
- Amepata degedege.
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa.
- Mwili una joto kali, au ni wa baridi na haupati joto hata akiwekwa ngozi kwa ngozi.
- Hachezeshi viungo, au mpaka aguswe.
- Macho, viganja au nyayo zimekuwa za njano.
- Kitovu kimekuwa chekundu, kinatoa usaha au kinanuka.

Njiani mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, na mjaribu kunyonya kama anaweza.

Orodha hii inaingia kwenye karatasi moja, na mzazi anayesoma kwenye simu anaweza kuitumia leo. Lakini si kila mama wa Rungwe ana simu yenye bando, na aliyejifungua juzi hana nguvu ya kusoma. Huyo anahitaji mtu wa kumsomea, anayejua njia ya kufika kwake hata mvua ikinyesha. Mtu huyo huenda tayari anaishi nyumba tatu kutoka kwako. Mkutano ujao wa kijiji, uliza jina lake, kisha uliza analipwa nini.