Utani kwa Baba Haydn

Ndugu msomaji, wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini wahenga hao hao ndio waliotuachia utani, wakamruhusu mtani aingie hata msibani, amwigize marehemu mbele ya wafiwa, wala asilaumiwe na mtu. Basi mzaha upi ni dharau, na upi ni heshima? Kisa kimoja cha muziki wa Ulaya chaweza kutusaidia kupambanua.

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1956, watu waliujaza ukumbi wa Royal Festival Hall, jijini London. Mwenye shughuli alikuwa Gerard Hoffnung, mchoraji wa vikatuni na mpigaji wa tuba, lile baragumu kubwa la shaba lenye sauti nzito. Hoffnung alizaliwa Berlin mwaka 1925 katika ukoo wa Kiyahudi, akaingia Uingereza akiwa kijana mkimbizi wakati wa utawala wa Hitler. Usiku huo okestra kamili ilikaa jukwaani ili kuwafanyia utani magwiji wa muziki. Dennis Brain, mpigaji baragumu aliyesifika mno zama zile, alipuliza mpira wa kumwagilia maji bustanini, na muziki ukatoka. Mtunzi Malcolm Arnold naye alileta kipande ambamo okestra ilisaidiwa na mashine tatu za kufyonza vumbi, moja ya kung'arisha sakafu, na bunduki nne.

Miongoni mwa waliotaniwa alikuwamo Joseph Haydn, aliyefariki mwaka 1809. Mwanamuziki Donald Swann aliichukua sehemu ya pili ya simfoni ya Haydn iitwayo "Mshtuko", akaitia mishtuko mingine ambayo mwenyewe hakuiandika.

Haydn alistahili kutaniwa, maana naye alikuwa mtani hodari. Simfoni hiyo ilisikika kwanza London, tarehe 23 Machi 1792. Katika sehemu hiyo ya pili fidla huanza wimbo mwepesi kama wa watoto, kisha huurudia kwa sauti ya chini zaidi, hata msikilizaji hutega sikio. Ghafla okestra nzima, pamoja na ngoma, hupiga kishindo kimoja! Kisha wimbo huendelea taratibu, kana kwamba hapana lililotukia.

Hata hivyo, utani wa Haydn haukuwa wa kuchekesha tu. Alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, Austria, baba yake akiwa fundi wa magurudumu. Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa makabaila wa Esterházy, akavaa sare kama watumishi wengine. Wanamuziki waliokuwa chini yake walimwita Baba, kwa kuwa shida zao aliziona kuwa zake.

Mwaka 1772, kama isimuliwavyo, kabaila Nikolaus Esterházy alikawia mno katika jumba lake la kiangazi huko Hungaria. Wengi wa wanamuziki walikuwa wamewaacha wake na watoto wao mjini Eisenstadt, nao walitamani kurudi nyumbani. Walimwendea Haydn, naye akawatungia simfoni. Muziki ulipokaribia kwisha, mpigaji mmoja alizima mshumaa wake, akachukua chombo chake, akaondoka. Akafuata wa pili, kisha wa tatu, mpaka zikabaki fidla mbili tu zikinong'ona gizani. Kabaila akafahamu. Kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Hebu tafakari, msomaji. Watumishi wale wangaligoma, yamkini wangalipoteza riziki zao. Wangalinyamaza, wangaliendelea kuumia. Haydn aliusema ukweli kwa namna ambayo mkubwa aliweza kuusikia bila kuaibishwa, na akina baba wale wakarudi kwa watoto wao.

Utani huo haukufa. Mwaka 1977, miaka 205 baadaye, Alfred Schnittke, mtunzi wa Urusi ya Kisovieti, aliandika muziki ambao mwishoni wapigaji huondoka jukwaani huku taa zikififia, na kiongozi wao hubaki akipungia hewa tupu. Amjuaye Haydn hutabasamu mara moja.

Hapa ndipo tupatapo kipimo chetu. Mishtuko ya Swann humfurahisha zaidi yule ajuaye mahali hasa Haydn alipouweka mshtuko wake. Brain asingaliweza kutoa muziki katika mpira wa maji kama asingalikuwa ameutumikia usanii wa baragumu kwa miaka mingi. Mwenye dharau hana haja ya kujifunza lolote, bali mtani hana budi kumjua vizuri amtaniaye. Ujuzi huo haupatikani bila mapenzi.

Kwa hiyo, enyi wazazi, siku mtakapomkuta mtoto akimwigiza babu yake mwendo, fimbo mkononi na mgongo umepinda, msiharakishe kumkaripia. Mtazameni kwanza. Je, amemwigiza ovyo ili amwaibishe mzee? Au ameipata kila hatua sawasawa, kwa sababu kwa siku nyingi amekuwa akitembea nyuma yake? Na mzee mwenyewe akicheka, jueni kwamba heshima yake haikupungua.