Asili ya Mnakiliwa: Fumbo katika Riwaya ya Kazuo Ishiguro

1. Utangulizi

Mnakiliwa, yaani mtu aliyetengenezwa kutokana na chembe ya mtu mwingine, si mgeni katika riwaya za kubuni za kisayansi. Mara nyingi hujulikana ametokana na nani. Katika Dune Messiah ya Frank Herbert (1969), mathalani, mwili unafanywa upya kutokana na maiti ya Duncan Idaho. Wote wanaitambua sura yake. Linaloulizwa ni kama kumbukumbu zake zitarejea. Makala haya yanashughulikia swali la kinyume: mnakiliwa asiyejua alinakiliwa kwa nani. Mfano wetu ni Never Let Me Go (2005) ya Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Nagasaki aliyekulia Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017.

2. Yasemwayo na matini

Msimulizi ni Kathy H., mwenye umri wa miaka 31, katika Uingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Yeye, Ruth na Tommy walilelewa katika shule ya Hailsham ili baadaye watolewe viungo vya miili yao hadi wafe. Jina la ukoo hawana. Mahali pake pana herufi moja tu.

Miongoni mwao kuna imani kwamba mahali fulani anaishi yule ambaye kila mmoja ni nakala yake. Siku moja Ruth anaambiwa kwamba mwanamke anayefanana naye ameonekana katika ofisi moja huko Norfolk. Wanakwenda, wanamchungulia kupitia kioo, wanajawa na matumaini. Wanapomfuata na kumkaribia, mfanano unatoweka. Hapo Ruth anafoka kwamba wao wamenakiliwa kutoka kwa malaya, walevi na wafungwa. Kathy naye hupekua magazeti ya picha za uchi, akitazama nyuso tu, ili apate chanzo cha matamanio yake.

3. Uchambuzi

Msomaji huweza kuyashika maneno ya Ruth kama jibu. Twaona kwamba hoja hiyo haina nguvu. Kwanza, yametamkwa kwa hasira, mara tu baada ya tumaini kuvunjika. Pili, Miss Emily, aliyekuwa mkuu wa shule, anapoeleza mwishoni kwa nini Hailsham ilianzishwa na kwa nini ikafungwa, hamtaji hata mtu mmoja aliyenakiliwa. Yatupasa basi kutenganisha usemi wa mhusika na ukweli wa hadithi.

Neno la Kizungu la kunakili viumbe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitawi au chipukizi. Mkulima wa Kivu hufanya jambo hilo kila mwaka: chipukizi la mgomba ni nakala ya mgomba mama, wala hakuna aulizaye ukoo wake. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996 kutokana na chembe ya kiwele cha kondoo mwingine, hakuuliza pia. Binadamu huuliza. Hapo ndipo riwaya inapouma: watoto hawa wamenyimwa si mzazi tu, bali hata mtu wa kumuuliza. Ruth alitaka mwanamke wa ofisini kwa kuwa maisha yale yangempa ruhusa ya kutumaini. Alipomkosa, akajichagulia asili ya fedheha, maana hata fedheha ni jibu.

4. Hitimisho

Mwandishi ameliacha fumbo bila kulifumbua, na tunaona amefanya vema. Lau angemtaja aliyenakiliwa, tungempima Kathy kwa mtu huyo. Kwa kutomtaja, anatulazimisha tumpime kwa matendo yake: zaidi ya miaka 11 ya kuwauguza wenzake. Katika nchi yetu, ambako vita vimewatenga watoto wengi na wazazi wao, swali la «wewe ni mwana wa nani?» laweza kuwa salamu, laweza pia kuwa jeraha. Riwaya hii yamkumbusha aulizaye kwamba thamani ya mtu haingoji jibu hilo.