Injini za Marekani, Kobalti ya Zaire

Ndege inapotua kiwanja cha Kamembe, sisi wa Gashonga huinua macho tu, kisha tunarudi kazini. Hatuulizi injini imetengenezwa kwa nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, makampuni ya Marekani kama Pratt & Whitney na General Electric yalishindana kutengeneza injini za jeti. Ndani yake mapanga huzunguka katika moto ambao chuma cha kawaida kingelainika. Aloi yenye kobalti huvumilia. Na kobalti nyingi ya dunia ilichimbwa kwa jirani zetu wa Zaire, mkoa wa Shaba.

Mei 1978 waasi waliingia Kolwezi. Ufaransa na Ubelgiji zikapeleka askari, na Marekani ikasaidia usafirishaji kwa ndege za C-141. Injini za ndege hizo? Pratt & Whitney! Kobalti, iliyouzwa dola 6.85 kwa ratili mapema mwaka huo, ilifika dola 25 mwanzoni mwa 1979.

Wenye viwanda hawakulala: walitafuta aloi za nikeli zenye kobalti kidogo, wasitegemee tena mgodi mmoja.

Na mchimbaji? Gécamines ilikuwa mali ya serikali ya Mobutu, yaani, kwa maneno, mali ya wananchi. Lakini kobalti iliuzwa kwa dola, naye alilipwa kwa noti za zaire, zilizoshushwa thamani 1976, 1978 na tena 1979, huku bei ya unga ikipanda.