Bima Mpya, Bili ya Zamani: Nani Analipa?



Kila muhula mpya ukianza naulizwa swali lile lile: "Kaka, nilikwenda hospitali kabla sijapata bima. Sasa ninayo. Watanilipia ile bili?" Kwa hapa Marekani jibu kwa kawaida ni hapana. Lakini wapo wenzetu wanaolipa kimya kimya bili ambazo bima ingezilipa, na hao ndio walionifanya niandike.

Kwetu nyumbani mara nyingi unalipa dirishani kwanza, ndipo unamwona daktari. Hapa unatibiwa leo, bili inakufuata wiki kadhaa baadaye. Kinachoangaliwa ni tarehe uliyotibiwa, siyo tarehe ya bili. Tuseme bima yako imeanza 15 Agosti. Ulitibiwa tarehe 10? Hiyo ni juu yako, hata kama bili imefika Septemba. Ulitibiwa tarehe 20, ukasahau kadi nyumbani na ukatoa pesa mfukoni? Hiyo dai. Hata kama umeshahitimu na bima imekwisha, matibabu uliyopata ikiwa hai bado yanawahusu.

Kudai si kazi kubwa. Omba hospitali ikupe bili yenye mchanganuo wa kila huduma, ambatanisha risiti, jaza fomu ya madai ya kampuni ya bima, na ubaki na nakala. Usikawie, maana kila bima ina siku yake ya mwisho ya kupokea madai. Usitegemee pia kurudishiwa zote; bima nyingi zina kiasi ambacho lazima ulipe mwenyewe kwanza kila mwaka. Wakikataa, kata rufaa. Bima inayofuata sheria ya afya ya 2010, maarufu kama Obamacare, inakupa siku 180 tangu upate taarifa ya kukataliwa.

Tusichanganye matibabu ya zamani na ugonjwa wa zamani. Chini ya sheria hiyo, tangu 2014 mwenye pumu au kisukari hanyimwi malipo ya matibabu mapya eti kwa sababu alikuja na ugonjwa wake. Ila bima za wasafiri na zile za muda mfupi hazibanwi na sheria hiyo. Soma kabla hujanunua.

Na ile bili ya tarehe 10? Usiifungie kwenye droo, isije ikaishia kwa wakusanya madeni. Hospitali binafsi zisizo za kutafuta faida zinatakiwa kisheria ziwe na mpango wa kuwasaidia wasio na uwezo, na zipokee maombi kwa siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Nenda ofisi ya malipo na uthibitisho wa kipato chako, uombe fomu. Posho ya mwanafunzi ni ndogo, na hilo si la kuonea haya.

Basi, kabla hujawapigia wazee nyumbani wakutumie pesa, angalia tarehe kwanza.