Wakili wa Mtoto wa Shule

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za kazi ambayo wengi waijua kwa jina tu, nayo ni kazi ya wakili. Huku kwetu mtu akilisikia neno hili hufikiri habari za mipaka ya shamba, au ng'ombe walioibwa. Ni wachache wanaojua ya kuwa wako wanasheria ambao mashauri yao ni ya shule: nani anayo haki ya kusoma, nani aweza kumtoa mtoto darasani, na kwa sheria gani.

Kazi hii si ngeni kwa wasomaji wa Biblia. Katika Hesabu, sura ya 27, zimo habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa asiache mwana wa kiume, na desturi haikuwapa wao fungu lolote. Hawakubaki nyumbani wakilalamika. Walikwenda mbele ya Musa na kuhani na wakuu, wakaeleza neno lao kwa hoja. Musa akalipeleka kwa Bwana, na madai yao yakakubaliwa. Tena hawakujipatia haki wao peke yao, kwa maana tangu hapo ikawa sheria kwa binti wote wa Israeli waliokuwa katika hali kama yao.

Katika nchi yetu jambo linalofanana na hilo lilitokea mwaka 2016. Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafanya kazi katika shirika la Femina, lililotoa magazeti na vipindi vya vijana. Baadaye akaanzisha shirika la Msichana Initiative, kusudi lake likiwa kutetea elimu ya wasichana. Mwaka huo wa 2016 alifungua shauri katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, akitetewa na wakili Jebra Kambole. Alichoshtaki si mtu, bali ni vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, cha 13 na cha 17. Kwa vifungu hivyo mvulana kwa kawaida hakuweza kuoa kabla ya miaka 18, lakini msichana aliweza kuozwa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya baba yake, na mahakama iliweza kuruhusu hata akiwa na miaka 14.

Huenda mtu atauliza: habari za ndoa zaingiaje katika habari za shule? Zaingia kwa mlango huu. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yakataza kabisa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Walakini sheria hiyo yamlinda mwanafunzi. Baba mwenye hila humwondoa binti shuleni kwanza, kisha husema, "Huyu si mwanafunzi tena," na hapo huikimbilia Sheria ya Ndoa. Hivyo sheria moja yafunga mlango, na nyingine yaacha dirisha wazi. Mwanasheria wa mambo ya elimu ni mtu anayezisoma sheria zote mbili pamoja, akaona mtoto apitishwapo.

Tena kuna ugumu mwingine. Katiba yetu, katika ibara ya 11, yataja haki ya mtu kujipatia elimu. Lakini ibara ya 7 yasema ya kuwa mambo ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Basi mwenye kutetea mtoto wa shule hana budi kutafuta njia nyingine. Katika shauri hili njia hiyo ilikuwa usawa, ulio katika ibara ya 12 na ya 13: ikiwa mvulana hungojewa hadi miaka 18, kwa nini dada yake asingojewe?

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilihukumu ya kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufani. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo, na hukumu ya kwanza ikasimama. Mwaka 2018 Gyumi alikuwa amekwisha kupewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, kufikia mwaka 2023 Bunge lilikuwa halijaibadilisha sheria ile. Kazi hii yataka mtu mwenye saburi, awezaye kushinda leo na kesho akaendelea kudai alichokwisha kukishinda.

Wengine walifuata njia kama hiyo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyeolewa au aliyekosa maadili, na kwa neno hilo la maadili wasichana wenye mimba walitolewa shuleni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikuwa miongoni mwa walioipeleka habari hiyo mbele ya Kamati ya Afrika ya haki za mtoto, nayo ikatoa uamuzi wake mwaka 2022. Lakini hata kabla ya uamuzi huo, Novemba 2021, Serikali ilitangaza ya kuwa waliojifungua waweza kurudi darasani.

Sasa turudi kwetu. Hesabu ya mwaka 2010 ilionyesha ya kuwa katika mkoa wa Mara, kwa kila wanawake 100 wa miaka 20 hadi 24, wapatao 55 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Twajua sababu. Binti hukeketwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa; akiisha kukeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima; na akihesabiwa mtu mzima, ng'ombe wa mahari huanza kutajwa. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Lakini sheria haina miguu ya kupanda vilima vya Tarime. Walioikimbilia ni wasichana wenyewe, waliopokelewa katika kituo cha Masanga, na katika nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014, ambayo Bibi Rhobi Samwelly aliitumikia.

Vijana wanaotaka kazi hii wajue njia yake. Kwanza shahada ya sheria chuo kikuu. Kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ndipo mtu akubaliwe na Jaji Mkuu na kuapishwa kuwa wakili. Asiyeweza kufika huko aweza kuwa msaidizi wa kisheria kijijini, kwa maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yamtambua.

Na ninyi wazazi, yawapasa mambo matatu. Mwandikishieni kila mtoto cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wakili asiye na cheti atathibitishaje umri wake? Msikubali binti aondolewe shuleni hata muhula mmoja, kwa maana jina lake katika daftari la mwalimu ni ngao yake. Nanyi mkiletewa ng'ombe, ulizeni kwanza miaka ya binti, ndipo muulize idadi ya ng'ombe.

Binti za Selofehadi walikwenda kwa Musa kwa sababu baba yao alikuwa amekufa. Binti zetu baba zao wangali hai. Lingekuwa jambo la huzuni kama mtoto wa nyumba ya Kikristo angelazimika kumtafuta wakili ili amtetee mbele ya baba yake mwenyewe.